Kula Nje na Mzazi Anayehitaji Chakula Laini: Mafunzo ya Safari Yetu ya Kaole

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote.

Ama ba'ad.

Skuli zinapofungwa, familia nyingi za visiwani huvuka kwenda Bara kutembea, na Bagamoyo ni moja ya sehemu zinazopendwa. Wengi wetu huwachukua na wazee wetu, na hilo ni jambo jema. Lakini tunapopanga safari tunafikiria tiketi za boti, pahala pa kulala na nguo za watoto. Chakula cha mzee hatukifikirii mpaka tumeshakaa mezani na mhudumu amesimama mbele yetu anasubiri oda.

Makala hii inaeleza vipi tutakula nje na mzazi asiyeweza kutafuna au kumeza vizuri: nini tufanye kabla ya kutoka, nini tuulize mkahawani, na dini yetu inatuelekeza nini. Tutaanza na yaliyotupata sisi wenyewe, kwani kosa lilikuwa letu na huenda likamfaa mwengine.

Yaliyotupata

Likizo iliyopita tulimchukua mama yetu mzazi kwenda Bagamoyo. Mama alipata kiharusi miaka miwili nyuma. Alhamdulillah, anatembea na anasema, lakini kumeza kwake kumekuwa kwa pole pole, na meno ya juu ni ya bandia. Hamu yake kubwa ilikuwa kuuona msikiti wa kale wa Kaole, ambao marehemu babu yetu alikuwa akimsimulia tangu yu mdogo.

Kaole ni kijiji kilicho kiasi cha kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye nguzo ndefu. Msikiti wa zamani zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na unahesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya Tanzania Bara. Mama aliwatolea salamu watu wa makaburini, akawaombea, kisha akakaa muda mrefu karibu na kisima cha msikitini. Watoto walikimbia huku na huku, na sisi tuliona tumefanya wema.

Saa nane mchana tulirudi mjini na njaa, tukaingia mkahawa mmoja wa karibu na pwani. Kila mtu akaagiza anachokitaka: pweza, kuku wa kuchoma, chipsi, samaki wa kukaanga. Tukamuuliza, "Mama, wataka nini?" Akajibu, "Chochote tu, wanangu." Tukamwagizia wali na samaki wa kukaanga bila ya kufikiri zaidi.

Wali ulikuja mkavu wa kuchambuka, na samaki kakaushwa mpaka mifupa. Mama alijaribu matonge mawili. Tonge la tatu likampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na watu wa meza za jirani wakageuka kumtazama. Alipotulia, akaisukuma sahani taratibu na kusema, "Kuleni nyie. Mie nimeshiba chai ya asubuhi."

Nasi tukala.

Usiku baada ya Isha, mjukuu wake wa miaka tisa alikuja chumbani kwetu kutwambia kuwa bibi ana njaa. Tulimkuta mama amekaa kitandani, anachovya andazi kwenye chai iliyokwisha kupoa. Lilikuwa andazi la asubuhi, alilifunga kwenye leso. Hakulalamika. Alisema tu, "Sikutaka kukuharibieni matembezi yenu."

Tulivyojihesabu

Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, Allah (Subhanahu wa Ta'ala) ameamrisha wema kwa wazazi mara tu baada ya kuamrisha aabudiwe Yeye peke Yake, na akakataza wasiambiwe hata neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao, hasa wanapofikia utu uzima wakiwa kwetu. Hakuna miongoni mwetu aliyemwambia mama neno hilo. Lakini tulimkalisha kwenye meza iliyojaa chakula ambacho hakuna hata kimoja anachoweza kukila, kisha tukaamini aliposema ameshiba kwa sababu ilikuwa rahisi kwetu kuamini.

Wazee wetu wamelelewa kuficha shida yao mbele ya watoto. Neno "nimeshiba" la mzee haliwi siku zote habari ya tumbo lake. Mara nyingi ni sitara anayotupa sisi, na ni juu yetu kuujua undani wake.

Hapa tukumbuke kisa mashuhuri cha watu watatu waliofungiwa na jiwe pangoni, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja wao alimuomba Allah kwa amali aliyowafanyia wazazi wake wazee. Alikuwa akiwapa maziwa wao kwanza kabla ya watoto wake. Usiku mmoja alichelewa, akawakuta wamelala, basi akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri wakaamka wakanywa, hali ya kuwa watoto wanalia kwa njaa miguuni pake. Kwa amali hiyo jiwe likasogea. Tuangalie ilikuwa nini amali yenyewe: chakula laini, kwa wazee wawili, kwa wakati wao, kabla ya wengine. Sisi mezani tulianza na wengine, na mzee tukamfanya wa mwisho.

Chakula laini ni kipi?

Watu wengi wakisikia chakula laini hudhani ni uji tu. Sivyo. Wataalamu wa nchi mbalimbali wanatumia kipimo kimoja kinachojulikana kwa jina la IDDSI, chenye ngazi kutoka 0 hadi 7. Ngazi 0 ni maji matupu na ngazi 7 ni chakula cha kawaida. Kwa wazee wetu wengi ngazi tatu ndizo muhimu:

- Ngazi 4: chakula kilichosagwa au kupondwa kikawa kizito na laini kabisa, hakina chembe wala hakihitaji kutafunwa.
- Ngazi 5: chakula kilichokatwa vidogo sana, vipande vya milimita 4 hivi kwa mtu mzima, kikiwa na mchuzi mzito wa kukishika pamoja.
- Ngazi 6: chakula laini cha vipande visivyozidi sentimita 1.5, ambacho hakihitaji kisu.

Mzee aliyepungukiwa na meno tu haja yake si sawa na ya mzee aliyepata kiharusi au mwenye maradhi ya kutetemeka. Wa kwanza tatizo lake ni kutafuna, wa pili huenda tatizo ni kumeza, na chakula au kinywaji kikaingia njia ya pumzi. Dalili zake ni kukohoa wakati wa kula au kunywa, sauti kuwa na majimaji baada ya kumeza, chakula kubaki mdomoni, na homa za kifua zinazorudi rudi. Mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari kabla ya safari, aulizwe ngazi gani inamfaa na kama maji matupu yana hatari kwake.

Ipo njia nyepesi ya kupima ulaini ukiwa mezani. Kibonyeze kipande kwa uma mpaka ukucha wa kidole gumba chako ugeuke mweupe. Kikipondeka na kisirudi umbo lake, ni laini kwa kiwango cha ngazi 6. Kikirudi kama mpira, kiwache. Pweza wetu, hata akipigwa vipi, mara nyingi hufeli mtihani huo.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Muulize mzazi faraghani, si mbele ya watu, na si swali la "wataka nini?" Muulize, "Mama, nini kinakupalia siku hizi? Nini kinashuka vizuri?" Swali la namna hiyo halina jibu la "chochote".

2. Chukua hotipoti ndogo, chupa ya chai, kijiko kidogo anachokizoea na kisu. Tia na tende laini zilizotolewa kokwa na kupondwa, au uji mzito wa akiba. Safari ya boti mpaka Dar es Salaam, kisha njia ya gari kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga mpaka Bagamoyo, hula saa nyingi, na foleni haina ahadi.

3. Panga mlo wa mzee kwa saa yake. Mzee aliyechoka humeza vibaya zaidi. Ukimtembeza juani mpaka saa nane ndipo ukatafuta chakula, kama tulivyofanya sisi, umempeleka mezani akiwa dhaifu. Ale kwanza, kisha magofu yatembelewe jua likipungua.

4. Piga simu au nenda mapema mkahawani. Samaki wa kuchemsha na wali mlaini vinataka muda, na jikoni lenye wateja wengi wa mchana halina nafasi ya kubadilisha kitu.

Mkahawani: nini cha kuuliza na nini cha kuagiza

Siku ya pili asubuhi wawili wetu tulikwenda kwa mama mmoja anayepika chakula katika banda lake, tukamueleza hali ya mama. Hakutuacha tumalize. Alisema, "Mleteni tu bibi. Na mimi nina mama kama huyo nyumbani." Tukakubaliana bei mapema, pamoja na malipo ya kazi ya ziada, kwani haki ya mpishi nayo ni haki.

Haya ndiyo tuliyojifunza kuhusu vyakula vinavyopatikana mwambao huu:

Samaki: Bagamoyo ina soko la samaki pwani, na samaki wa siku hiyo hupatikana. Omba apikwe mchuzi wa nazi, si kukaangwa. Chewa ana nyama nene na mifupa mikubwa inayoonekana, kwa hiyo ni rahisi kumchambua kuliko changu. Hata hivyo pitisha vidole vyako mwenyewe ndani ya nyama yote kabla ya kumpa mzee. Usimwachie mhudumu kazi hiyo.

Wali: wali wa kuchambuka ni mgumu kwa mwenye tatizo la kumeza, kwa sababu punje hutawanyika mdomoni. Omba wali ulioongezwa maji ukalainika, uliokuwa bokoboko. Mpishi hujionea haya kuuleta wali huo mezani, basi mwambie wazi kuwa ndio unaoutaka, na uupondeponde na mchuzi mzito. Lakini kuwa makini na neno lenyewe. Kwetu visiwani bokoboko ni ngano iliyopikwa na nyama ikasongwa, na Bara wapo wanaoita hivyo aina ya ndizi. Eleza unachokitaka, usitaje jina tu.

Vyakula vya Bara vinavyofaa: mtori, yaani ndizi zilizopondwa kwa supu ya nyama, ni chakula kizuri mno kwa mzee, ila uliza kama nyama imesagwa au ni vipande, na vipande vitolewe. Viazi vya kuponda, muhogo wa nazi uliolainika na kutolewa nyuzi, boga la nazi na maharage yaliyopondwa na kutolewa maganda pia vinafaa. Mchicha wa nazi unafaa ukikatwa mdogo sana na mabua kutolewa. Kwa matunda, papai lililoiva, parachichi na ndizi mbivu.

Vya kuepuka: mishkaki, chapati kavu, mkate mkavu, karanga, kashata, mahindi ya kuchoma, na supu nyepesi yenye vipande ndani. Hiyo supu watu huidhani ndiyo salama zaidi, kumbe maji na kipande vinapokuja pamoja kinywa hushindwa kuvipanga. Urojo nao ni vivyo hivyo, kwa zile bajia na viazi vinavyoelea.

Siku hiyo tuliagiza chewa wa nazi kwa familia nzima. Tofauti ya sahani ya mama na zetu ilikuwa ndogo, hakuna aliyeweza kuijua kwa mbali. Hili tunalihimiza sana. Mzee akiletewa bakuli la uji peke yake katikati ya sahani za samaki, atakula lakini atajiona mgonjwa. Tafuteni chakula kimoja ambacho wote mtakila.

Wala chakula laini si chakula duni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (Radhiya Allahu 'anhu) kuwa mshonaji mmoja alimwalika Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), akamuwekea mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama kavu, na Mtume akawa anafuata vipande vya boga pande za chombo. Anas akalipenda boga tangu siku hiyo. Na Bukhari amepokea kuwa Bibi Aisha (Radhiya Allahu 'anha) alikuwa akiagiza talbina, uji laini wa shayiri, apewe mgonjwa na mwenye msiba, kwa vile alimsikia Mtume akisema kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa.

Masuala ya kisharia yanayoulizwa sana

*Nyama ya Bara tuile bila ya kuuliza?* Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi, na asili ya nyama ya Muislamu ni halali. Katika Bukhari, Bibi Aisha ameeleza kuwa waliulizia nyama walioletewa na watu waliosilimu karibuni, haijulikani kama wametaja jina la Allah, na Mtume akawaelekeza wao wataje jina la Allah na wale. Mwenye shaka ya kweli kuhusu pahala fulani aagize samaki, kwani aya ya 96 ya Suratul-Maaidah imehalalisha vya baharini.

*Mkahawa unauza pombe, ila chakula chake ni laini na kizuri?* Imepokewa katika hadithi makatazo ya kukaa kwenye meza inayopitishwa pombe. Tafuteni kwanza pahala pasipo na pombe, na Bagamoyo pako. Mkikosa, chukueni chakula mkale mnapolala.

*Mama mkono wake wa kulia umepooza, ale kwa kushoto?* Asili ni kula kwa mkono wa kulia, na mwenye udhuru hana dhambi. Mtoto wake akimlisha kwa mkono wa kulia ni bora kwa wote wawili, ikiwa mzazi ameridhia.

*Chakula kimeletwa na Swala imekimiwa?* Mafundisho ya Mtume ni kuanza na chakula, asiharakishwe mwenye kula. Aidha, mliovuka kutoka visiwani mko safarini, na mna ruhusa ya kupunguza Swala, na kuikusanya Adhuhuri na Alasiri mnapohitaji. Chukueni wepesi huo ili mzee amalize kula kwa utulivu, maana kumharakisha ndiko kunakompalia.

Adabu na tahadhari za mezani

Mkalishe wima, miguu ikigusa chini, mgongo umeegemezwa. Kaa mbele yake au ubavuni kwake, usimlishe ukiwa umesimama. Vijiko vidogo, na usitie kingine mpaka umeona amemeza. Asisemeshwe wakati ana chakula mdomoni, na watoto wafundishwe hilo. Baada ya kula akae wima kiasi cha nusu saa, asilazwe garini papo hapo. Mpe kiti kinachoelekea ukutani au baharini ikiwa anaona haya kutazamwa na watu.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe, msimpe maji. Akiwa hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, muinamisheni mbele na kumpiga mara 5 kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Ikiwa hakijatoka, mmoja asimame nyuma yake, amzungushie mikono, ngumi juu ya kitovu chini ya kifua, avute ndani na juu mara 5. Mrudie hivyo kwa zamu mpaka kitoke, huku mwengine akitafuta gari. Akizimia, mlazeni chini, anayejua aanze kumkandamiza kifua. Hospitali ya Wilaya ipo hapo hapo mjini Bagamoyo. Ni vyema kila familia iwe na mtu mmoja aliyejifunza haya kwa mkufunzi kabla ya safari.

Mwisho

Siku ile bandani kwa yule mama, mama yetu alikula sahani nzima. Kisha akamwita mpishi, akamuombea dua kwa jina la mama yake, na akatutazama sisi: "Samaki huyu kavuliwa leo. Wa jana alikuwa mkavu kama ukuti." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiitaja jana. Tukamuomba radhi mbele ya watoto wetu, na yeye akacheka akaomba aongezewe mchuzi.

Ndugu zetu, tukiwatoa wazee wetu kwenda kutembea, tusiwafanye wasindikizaji wa furaha zetu. Mzazi akae mezani akiwa na chakula chake, kwa wakati wake, kwa heshima yake, na asilazimike kutwambia ameshiba.

Tunamuomba Allah Awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, ambapo wao walitupondea kila tonge tulipokuwa hatuna meno, Awape afya walio hai na Awasamehe waliotangulia.

Wa Allahu A'lam.